Ujerumani Huongea kwa Barua: Mwongozo wa Mwanafunzi Anayeanza Maisha Huko

Nilifika Leipzig mwanzoni mwa Oktoba, usiku, nikiwa na mabegi mawili na koti la mtumba nililolinunua soko la Karume. Wiki tatu zikapita bila ofisi yoyote kunipigia simu, nikaona mambo yametulia. Kumbe kila kilichonihusu kilikuwa kinakuja kwa posta, kwenye kisanduku cha bati pale mlangoni mwa jengo, na kisanduku hicho hakikuwa na jina langu. Kadi ya benki ilirudishwa ilikotoka. Kadi ya bima vilevile. Nilipokuja kugundua, nilikuwa nimebakiwa na euro 11 na baridi imeshaanza.

Kwetu mtu akikuhitaji atakutafuta: atapiga simu, atamtuma mtoto, atamwuliza jirani. Ujerumani itakuandikia barua, na ikishaandika inahesabu kwamba umeambiwa. Nimewaona wenzangu, watu wenye akili sana darasani, wakiyumba mwaka wa kwanza kwa sababu ya bahasha ambazo hawakuzifungua. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinazunguka barua, miadi na tarehe. Nimeziandika kwa ajili ya mtu anayetoka kwetu, awe wa Tanga, Kisumu, Bujumbura au Goma, anayekwenda kusoma kwenye chuo kikuu cha umma. Viwango vya pesa hupanda karibu kila mwaka, kwa hiyo vihakiki kabla ya kupiga bajeti yako.

Hatua ya 1: Kabla ya kupanda ndege

Ubalozi utakudai uthibitisho kwamba una pesa za kuishi mwaka mzima. Wengi hutumia akaunti iliyofungwa, wenyewe wanaiita "Sperrkonto". Unaweka euro 11,904, ambacho ni kiwango cha tangu Septemba 2024, na ukishafika unafunguliwa euro 992 kila mwezi, si zaidi. Mwenye ufadhili, kwa mfano wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, hutumia barua ya ufadhili.

Jambo ambalo watu hawaambiwi ni kwamba pesa ya mwezi wa kwanza haitoki siku unayotua. Inasubiri ufungue akaunti ya kawaida ya benki, na mara nyingi inasubiri pia anwani yako iandikishwe. Beba pesa ya kukuvusha wiki nne hadi sita: kodi, dhamana ya chumba, nauli, chakula.

Omba chumba cha mabweni siku ileile unayopata barua ya kukubaliwa chuoni. Mabweni yako chini ya taasisi iitwayo Studierendenwerk, ambayo kila mji wa chuo unayo, na foleni yake ni ndefu. Ukitafuta chumba kwa watu binafsi, usimtumie mtu yeyote pesa ili "akutumie funguo kwa posta". Huo ni utapeli, na wanaolengwa ni wageni ambao bado wako kwao. Mwenye nyumba halali hataki dhamana inayozidi kodi ya miezi mitatu isiyo na gharama za maji na joto, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu.

Kwenye begi weka vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa, tafsiri zilizothibitishwa na nakala za kutosha. Weka mwiko wa ugali, maana wa maana huko hutaupata kirahisi. Nyama, maziwa na samli usibebe, Umoja wa Ulaya hauruhusu viingie kutoka kwetu kwenye begi la msafiri. Maembe mabichi au mabivu nayo yanahitaji cheti cha afya ya mimea, hivyo mwambie mama asihangaike kukufungia.

Hatua ya 2: Jina mlangoni, kisha anwani ofisini

Siku ya kwanza, kabla hujafungua begi, andika jina lako la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti na ulibandike kwenye sanduku la barua na kwenye kengele. Kama unakaa kwa mtu kwa muda, mwambie akuongeze jina kwenye sanduku lake. Mleta barua hatafuti namba ya chumba, anatafuta jina. Asipoliona, barua inarudi.

Kisha nenda ukaandikishe anwani. Wanaita "Anmeldung", na unapaswa kuifanya ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Beba pasipoti na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unakaa kwake, jina lake refu ni "Wohnungsgeberbestätigung". Bila karatasi hiyo utarudishwa. Miadi inachukuliwa kwa intaneti na katika miji mikubwa nafasi huisha haraka. Fungua ukurasa asubuhi na mapema, maana ndipo nafasi zilizoachwa na wengine huonekana. Ikiwa miadi inaangukia nje ya wiki mbili, tunza uthibitisho kwamba uliiomba mapema.

Pale ofisini utaulizwa dini. Hapa Mlutheri wa Moshi au Mkatoliki wa Bukoba asijibu kwa mazoea bila kujua jibu linakwenda wapi. Ukiandikwa kuwa wa kanisa Katoliki au la Kiinjili, siku utakayoanza kulipa kodi ya mapato utakatwa pia kodi ya kanisa: asilimia 9 ya kodi hiyo, au 8 katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg. Mwanafunzi mwenye kibarua kidogo kwa kawaida halipi chochote, na wapo wanaotoa kwa moyo. Lakini jua unachokijaza.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma bahasha

Baada ya kuandikisha anwani, barua zinaanza kumiminika. Namba yako ya kodi yenye tarakimu 11 inakuja kwa posta, na mwajiri yeyote ataitaka. Kadi ya benki inakuja siku moja na namba yake ya siri siku nyingine, katika bahasha tofauti. Kadi ya bima inakuja ikiwa na picha yako. Halafu inakuja barua ya mchango wa redio na televisheni za umma, "Rundfunkbeitrag", euro 18.36 kwa mwezi. Wanafunzi wengi wa kigeni huitupa kwa kuwa hawana televisheni. Mchango huu haujali televisheni, unatozwa kwa kila makazi. Kama mnaishi wanne kwenye nyumba moja, analipa mmoja na mnachangiana. Ukiuacha, deni linapanda na linakufuata.

Huu ndio utaratibu niliojiwekea, na hadi leo siuvunji. Kisanduku kinafunguliwa kila siku, barua inafunguliwa siku hiyohiyo. Hata kama Kijerumani hakijapanda, natafuta vitu vitatu: namba ya jalada ("Aktenzeichen"), tarehe ya mwisho ("Frist"), na kiasi cha pesa kama kipo. Nazungushia kalamu. Tarehe inaingia kwenye simu na kengele ya siku tano kabla. Kisha barua inatobolewa na kuingia kwenye jalada gumu lenye vyuma viwili, ambalo linauzwa kila duka la vifaa vya shule. Siku ya miadi yoyote naondoka na jalada zima. Afisa akiuliza karatasi ya mwaka juzi, ipo.

Neno "Mahnung" likionekana juu, ujue unakumbushwa deni, na kila ukumbusho unaweza kuja na gharama yake. Bahasha ya manjano iliyoandikwa tarehe kwa mkono ni nzito zaidi: imetoka mahakamani au kwenye mamlaka, na siku zako za kujibu zinahesabiwa tangu tarehe hiyo ya juu ya bahasha, iwe umeifungua au hujaifungua. Usiitupe bahasha yenyewe. Ichukue barua uende nayo kwenye ofisi ya ushauri ya Studierendenwerk au ya chama cha wanafunzi. Wanasoma barua za namna hii kila wiki, ushauri wao ni wa bure, na hawatakushangaa.

Nilipomweleza mama yangu haya kwa simu aliuliza, "Sasa mtu asiyejua kusoma huko anaishije?" Ni swali zito na sikuwa na jibu la kumpa.

Hatua ya 4: Kibali, bima na usajili wa kila muhula

Viza uliyoingia nayo ni ya miezi michache. Kabla haijaisha uwe umeshaomba kibali cha ukaazi kwenye ofisi ya wageni, "Ausländerbehörde". Omba mapema, wiki nane kabla si mapema mno. Ukiomba kabla viza haijaisha na ofisi ikachelewa, unaweza kupewa karatasi ya kukuhifadhi kisheria wakati unasubiri, inaitwa "Fiktionsbescheinigung". Ukiomba baada ya kuisha, una kesi ya kujieleza.

Bima ya afya ni lazima. Aliye chini ya miaka 30 anaingia kwenye bima ya umma kwa bei ya wanafunzi, yapata euro 145 kwa mwezi mwaka 2025. Mtaani kuna bima binafsi zinazouzwa kwa theluthi ya bei hiyo, na mtu mwenye euro 992 anavutika. Soma hapa vizuri: ukijitoa kwenye bima ya umma ukachukua binafsi, huwezi kurudi kwa muda wote wa masomo hayo. Ukifanyiwa upasuaji ndipo utajua bima rahisi inaishia wapi.

Namba za dharura: 112 kwa gari la wagonjwa na zimamoto, 110 kwa polisi. Ukiugua usiku au Jumapili lakini hali si ya kufa na kupona, piga 116117 uelekezwe kwa daktari wa zamu. Mchana, mtafute daktari wa kawaida wa mtaa wenu ("Hausarzt") ungali mzima, maana wengine hawapokei wagonjwa wapya.

Na kila muhula unalipa mchango wa chuo kabla ya tarehe iliyotajwa, hiyo ni "Rückmeldung". Karo hakuna katika vyuo vingi vya umma, ingawa Baden-Württemberg inawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Ila mchango upo, na asiyelipa hufutwa kwenye orodha ya wanafunzi. Akifutwa, kibali cha ukaazi nacho kinakosa mguu wa kusimamia.

Hatua ya 5: Kuishi na euro 992

Katika miji ya mashariki kama Leipzig, Halle au Chemnitz, chumba cha mabweni kinaweza kupatikana kwa euro 300 na kitu. München ni habari nyingine kabisa, hapo chumba peke yake kinaweza kula zaidi ya nusu ya pesa yako. Chukua mfano wa 330 za chumba, 145 za bima, 200 za chakula unachopika mwenyewe, 18 za redio, 12 za simu, na 45 za kuweka akiba ya mchango wa muhula. Hiyo ni 750. Zilizobaki 242 ndizo nguo za baridi, vitabu, nauli ya mbali na lolote litakalozuka. Tangazo la chumba likikupa bei, uliza kama ni "warm" au "kalt". Kalt ni kodi tupu, warm ni pamoja na joto na maji. Tofauti yake inaweza kufika euro 100.

Chupa na makopo usitupe. Nyingi zina dhamana ya senti 25 na dukani kuna mashine ya kuzipokea. Tiketi ya tramu ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine ndogo kabla ya kukaa, maana tiketi isiyogongwa ni sawa na hakuna, na faini ni euro 60. Wanafunzi wa vyuo vingi hupewa tiketi ya muhula, uliza inafika wapi.

Kazi unaruhusiwa: siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280, kwa sheria iliyoanza Machi 2024. Kibarua cha msaidizi wa mwalimu chuoni hakihesabiwi humo. Kima cha chini kilikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025 na kimepandishwa hadi 13.90 kuanzia Januari 2026, hivyo anayekupa 9 mkononi bila mkataba anakuibia na anakihatarisha kibali chako. Muhula wa kwanza, ukiweza, usifanye kazi kabisa. Lugha na darasa vinakula muda kuliko unavyodhani.

Sasa hili la nyumbani. Utatua, na kabla ya wiki kuisha utapokea ujumbe wa binamu, wa jirani, wa mtu mliyesoma naye darasa la tano. Hawana ubaya. Kwao euro 992 ni mamilioni ya shilingi kila mwezi, na hawaoni kwamba mamilioni hayo yameshagawanywa kabla hujayagusa. Mimi nilituma mpaka nikala wali mtupu siku nane. Kilichonisaidia ni kumwita kaka yangu mkubwa kwa simu ya video na kumsomea hesabu ile ya juu, mstari kwa mstari, nikimwonyesha risiti. Baada ya hapo yeye ndiye aliyewaeleza wengine. Tafuta mtu mmoja nyumbani ambaye neno lake linasikika, umfungulie hesabu zako zote. Kama utatuma, tuma kiasi kilekile, tarehe ileile, hata kiwe euro 20.

Hatua ya 6: Chumba chenye baridi

Kipasha joto cha ukutani kina kirungu chenye namba. Namba 3 ni kama nyuzijoto 20 na inatosha. Kukiweka 5 hakuharakishi joto, kunaongeza bili itakayokuja mwakani kwa, bila shaka, barua.

Kosa letu kubwa ni kufunga madirisha Novemba hadi Machi. Tunapika maharage, tunaanika nguo ndani, mvuke hauna pa kutokea, ukuta unaota ukungu mweusi na dhamana inakatwa. Fungua madirisha yote wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara mbili tatu kwa siku, huku joto limezimwa, kisha funga. Hewa inabadilika na ukuta unabaki na joto lake.

Taka zinatenganishwa: karatasi pipa la buluu, vifungashio vya plastiki na makopo pipa au mfuko wa manjano, maganda ya chakula pipa la kahawia au kijani, mabaki mengine jeusi. Chupa za jamu na mafuta zisizo na dhamana zinakwenda kwenye makasha ya mtaani, kwa rangi ya kioo, na siku za kazi tu. Kuzitupa Jumapili kunaleta malalamiko kwa sababu ya kelele. Jumapili na kila siku kuanzia saa nne usiku ni wakati wa utulivu, hivyo usitwange, usitoboe ukuta, usipige muziki. Maduka nayo Jumapili yamefungwa. Nunua unga Jumamosi.

Hatua ya 7: Saa

Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, wao tangu usiku wa manane, na kwenye maandishi wanafika hadi 24. Hilo utalizoea. Mtego uko kwenye mazungumzo. Mtu akikwambia "halb neun", maneno yake ni "nusu" na "tisa", na sisi tulivyozoea kusema tisa na nusu, akili inakimbilia 9:30. Sivyo. Ni nusu ya kuelekea tisa, yaani 8:30, saa mbili na nusu ya kwetu. Ukikosea umechelewa saa nzima. Leipzig na sehemu nyingi za mashariki wana nyongeza: "viertel neun" ni 8:15 na "dreiviertel neun" ni 8:45. Ukitajiwa saa, iandike kwa tarakimu na umwonyeshe aliyekutajia.

Ratiba ya chuo ikisema 10 c.t., kipindi kinaanza 10:15. Ikisema s.t., ni 10:00 kamili. Kwingine kote dakika tano za kuchelewa zinaombewa radhi, na dakika kumi na tano unatuma ujumbe kabla.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, Jumapili ya mwisho ya Machi zinasogezwa mbele. Majira ya baridi Dar es Salaam na Nairobi ziko mbele kwa saa mbili, majira ya joto kwa saa moja. Bujumbura na Goma majira ya joto mko saa moja sawasawa. Desemba Leipzig jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama yapata saa kumi jioni, hivyo kwa Mwislamu adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya saa nne hivi. Zipangie mapema pa kuswali chuoni, kwani vipindi vinaangukia humohumo.

Hatua ya 8: Darasani

Geuza kichwa kuhusu alama. Tanzania GPA ya 5.0 ni kilele. Ujerumani 1.0 ndiyo bora kabisa, 4.0 ni kupita kwa shida, 5.0 ni kuanguka. Waeleze na wa nyumbani, ili ukisema umepata 1.3 wasikusikitikie.

Kuhudhuria kipindi hakukufanyi uwe mtahiniwa. Mtihani unajiandikisha kwenye mfumo, ndani ya tarehe, na tarehe hizo hakuna atakayezitangaza darasani mara ya pili. Majaribio ya mtihani mmoja mara nyingi ni matatu, ukishindwa la mwisho unaweza kuondolewa kwenye fani hiyo. Ukiugua siku ya mtihani, nenda kwa daktari siku hiyohiyo ukachukue cheti. Cheti cha kesho yake kinaweza kukataliwa.

Kwenye semina unatarajiwa kusema, hata kumpinga profesa. Mimi nililelewa kwamba mkubwa anasikilizwa, nikakaa kimya muhula mzima, na mwalimu akaandika kwamba sikujiandaa. Wala usiangalie chini anapokuuliza. Kwetu ni adabu, kwao inaonekana unaficha kitu. Heshima yao iko kwenye neno "Sie", "wewe" ya heshima, ambalo kwa mtu usiyemjua na aliyekuzidi ndilo shikamoo lako. Usiliache mpaka mwenyewe aseme mwitane "du", "wewe" ya watu waliozoeana.

Hatua ya 9: Jikoni

Unga wa mahindi unapatikana maduka ya Waafrika na ya Waturuki kwa jina "Maismehl". "Maisstärke" ni wanga, hautoi ugali. Polenta ni mahindi ya chenga kubwa, ukiisaga kidogo inakubali. Sukuma wiki ndugu yake anaitwa "Grünkohl" na msimu wake ni baridi. Tui la kopo lipo kila duka. Kwa mandazi na chapati chukua unga wa ngano wa namba 405 au 550. Ukitafuta bizari nyembamba ya pilau, neno ni "Kreuzkümmel". Pakiti iliyoandikwa "Kümmel" tu ni mbegu nyingine yenye harufu ya mkate wao, na inaharibu sufuria nzima. Nyama halali utaipata kwa Waturuki, na kwenye pipi na mtindi soma kama kuna "Gelatine", ambayo mara nyingi inatokana na nguruwe.

Hatua ya 10: Watu

Mwezi wa Novemba na wa Desemba ndiyo migumu. Giza linaingia mapema, ugeni umekwisha hamu, na mtu anaweza kukaa siku tatu bila kutamka neno. Kijerumani hakina neno linalofanana na "pole", lile unalomwambia mtu aliyejikwaa, aliyefiwa na aliyetoka kazini kwa pamoja. Mimi nililikosa neno hilo kuliko chakula. Jirani asipokusalimu usimhukumu haraka, wengi wanaona kumwacha mtu na utulivu wake ni heshima. Anza wewe: "Hallo" kwenye ngazi, kila siku, kwa mtu yuleyule.

Posta itakusaidia hapa pia. Mzigo ukija na haupo, mara nyingi unaachwa kwa jirani, na kwenye kisanduku unakuta kikaratasi chenye jina lake. Nenda ukabishe hodi. Nami mizigo ya wenzangu niliipokea yote, na kwa njia hiyo nilijuana na jengo zima kabla ya Krismasi.

Kingine kilichoniokoa ni Kiswahili chenyewe. Kimefundishwa Berlin tangu 1887, na leo kinasomwa Leipzig, Bayreuth, Hamburg, Köln na kwingineko. Nenda idara hiyo ubandike tangazo: unatoa saa moja ya Kiswahili, unapokea saa moja ya Kijerumani. Utakutana na watu wanaotaka kukusikia ukiongea. Michezo ya chuo ni ya bei ndogo, kwaya hazijali kama unajua noti, na jumuiya za Kikristo za wanafunzi katika miji mingi zina mfuko wa dharura kwa wanafunzi wa kigeni bila kuuliza dini.

Ubaguzi upo. Utakaliwa mbali kwenye tramu, utaambiwa chumba kimechukuliwa baada ya kuonekana sura yako, na siku nyingine litakuwa baya kuliko hapo. Andika tarehe, mahali na mashahidi, kisha upeleke kwa mshauri wa chuo au ofisi ya kupinga ubaguzi. Usilale nalo peke yako. Na usingizi ukikata, chakula kikikinai, vipindi ukaviacha wiki mbili, Studierendenwerk ina washauri wa mambo ya moyo na akili, kwa siri. Kwetu tunasema mtu avumilie. Nimemzika rafiki aliyevumilia, kwa hiyo nakuomba uende.

Hatua ya 11: Siku unapohama

Ukihamia chumba kingine, andikisha anwani mpya ndani ya wiki mbili, ijulishe benki, bima, chuo na ofisi ya wageni, na uilipe posta ihamishe barua zako kwa miezi sita. Ukiondoka Ujerumani kabisa, jiandikishe kuwa umeondoka na utunze karatasi hiyo, ndiyo inayofunga bima na mchango wa redio. Piga picha kila kona ya chumba kabla ya kurudisha funguo. Jina lako libandue kwenye sanduku mwenyewe, na umwandikie anayeingia kwamba la kwake alibandike siku hiyohiyo. Mwiko na sufuria mwachie.